Elimu ya viungo kama somo dogo chuo kikuu: mlango upi hufunguka, na upi hubaki umefungwa?

Msikilizaji, kila mwaka vijana kutoka Afrika Mashariki hufunga safari kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Marekani, na watoto wa Waswahili waliokwisha kulowea huko huingia katika vyuo hivyo hivyo. Kabla mwaka wa pili haujamalizika, kila mmoja wao hukutana na swali ambalo pengine wazazi wake hawakupata kuulizwa: mbali na somo kuu, utachukua somo dogo gani?

Wako wanaojibu: elimu ya viungo. Na jibu hilo linapofika nyumbani kwa njia ya simu, iwe ni Tanga, Kisumu, Maskati au Leicester, aghalabu hupokewa kwa kimya kwanza, kisha kwa swali: "Mwanangu, tumekupeleka kusoma au kucheza?"

Swali la mzazi si la kupuuzwa, kwani nyuma yake kuna ada, kuna miaka ya ujana na kuna matumaini ya ukoo mzima. Katika makala haya tunaeleza somo hilo ni lipi, hufundisha nini, humfungulia mwanafunzi milango ipi, na, jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamekwisha kuchelewa, ni milango ipi ambayo haliwezi kuifungua.

Somo kuu na somo dogo

Shahada ya kwanza nchini Marekani kwa kawaida huchukua miaka minne, na masomo yake hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni takriban saa moja ya darasani kila wiki, katika muhula wa wiki zipatazo 15. Kwa hiyo kozi ya kawaida, inayofundishwa kwa saa tatu kwa wiki, huwa na krediti 3. Ili ahitimu, mwanafunzi hutakiwa kwa kawaida kukusanya krediti zisizopungua 120.

Krediti hizo hugawanyika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni masomo ya jumla, kama vile uandishi, hisabati na historia, ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuyapitia. Fungu la pili ni somo kuu, yaani fani ambayo shahada yake itaitwa kwa jina lake. Fungu la tatu ni masomo ya hiari.

Somo dogo huzaliwa katika fungu hilo la tatu. Badala ya kuokota kozi moja huku na nyingine kule, mwanafunzi huzipanga katika fani moja mpaka zitimize kiwango kilichowekwa na chuo. Kiwango hicho hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini aghalabu huwa baina ya krediti 15 na 24, yaani kozi tano hadi nane. Mara nyingi somo dogo huandikwa katika hati ya matokeo, wala halionekani katika cheti chenyewe cha shahada.

Tuchukue mfano wa binti aliyetoka Mombasa na ambaye somo lake kuu ni biolojia. Ikiwa masomo ya jumla yatachukua krediti 45 na biolojia krediti nyingine 45, atabakiwa na krediti 30 za hiari. Somo dogo la krediti 18 litaingia humo bila ya kumwongezea hata muhula mmoja. Mfano huu tutaurudia mara kwa mara katika makala haya.

Mambo matatu yasiyofaa kuchanganywa

Jina la elimu ya viungo hutumiwa vyuoni kwa mambo matatu tofauti, na kutoyapambanua ndiko kunakozaa mkanganyiko.

La kwanza ni madarasa ya mazoezi: kuogelea, tenisi, yoga, kunyanyua vyuma na kadhalika. Kozi hizi huwa na krediti 1 au chini ya hapo, na katika baadhi ya vyuo ni za lazima kwa kila mwanafunzi. Massachusetts Institute of Technology, chuo kinachosifika kwa uhandisi, kwa muda mrefu kimewataka wanafunzi wake wathibitishe kwamba wanajua kuogelea au wajifunze.

La pili ni elimu ya viungo kama somo kuu. Huyu ni mwanafunzi anayeandaliwa kuwa mwalimu wa somo hilo shuleni, au mtaalamu wa sayansi ya mazoezi, na huitolea fani hiyo sehemu kubwa ya miaka yake minne.

La tatu ndilo somo dogo. Anayelichukua si mtu aliyekuja kucheza mpira apewe alama, wala si mwalimu kamili wa michezo. Ni mwanafunzi wa fani nyingine anayetaka kuuelewa mwili wa binadamu unapokuwa katika mwendo, pamoja na namna ya kuufundisha.

Ilivyoanza

Elimu hii haikuingia vyuoni kwa ajili ya michezo. Iliingia kwa ajili ya maradhi. Katikati ya karne ya 19, rais wa Chuo cha Amherst katika jimbo la Massachusetts, William Stearns, alikuwa na wasiwasi juu ya afya ya wanafunzi wake, ambao walikuwa wakidhoofika kwa kukaa vitabuni bila ya kuushughulisha mwili. Chuo hicho kikaanzisha idara ya usafi wa afya na elimu ya viungo, na mwaka 1861 kikamteua Edward Hitchcock, aliyekuwa daktari, kuiongoza. Hitchcock aliishika kazi hiyo hadi alipofariki dunia mwaka 1911, na katika nusu karne hiyo alikuwa akiwapima wanafunzi urefu, uzito na nguvu zao, na kuviandika vipimo hivyo mwaka baada ya mwaka.

Karne moja baadaye fani hii ilitikiswa. Mwaka 1963 James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kuhusu elimu ya walimu ambamo aliyakosoa vikali masomo ya juu ya elimu ya viungo, akiyaona kuwa hayana uzito wa kitaaluma. Mwaka uliofuata, 1964, Franklin Henry wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijibu kwa hoja kwamba mwendo wa binadamu ni uwanja halali wa elimu, wenye mizizi katika anatomia, fiziolojia, saikolojia na historia.

Matokeo ya mjadala huo yanaonekana hadi leo. Idara nyingi zilibadili majina na kujiita idara za kinesiolojia, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha elimu ya mwendo, au za sayansi ya mazoezi. Kwa sababu hiyo, kijana anayetafuta elimu ya viungo katika orodha ya masomo na kuikosa asikate tamaa mapema, kwani huenda imo humo chini ya jina jingine.

Yanayofundishwa darasani

Ingawa kila chuo kina utaratibu wake, masomo ya msingi hufanana. Anatomia hueleza mifupa, viungo na misuli. Fiziolojia ya mazoezi hueleza namna moyo, mapafu na damu vinavyoitikia kazi. Biomekanika hutumia kanuni za fizikia kuuchambua mwendo. Yapo pia masomo ya namna mtu anavyojifunza stadi za mwili, saikolojia ya michezo, mbinu za kufundisha, mazoezi kwa watu wenye ulemavu, na huduma ya kwanza.

Ili msikilizaji apate picha, na tuitazame Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, ambayo wahadhiri wengi hupenda kuitolea mifano. Michezo hiyo ilifanyika Mexico City, mji ulioko kiasi cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na wepesi huo uliwafaidi wengine na kuwaumiza wengine.

Mmarekani Bob Beamon aliruka chini umbali wa mita 8.90, rekodi ya dunia iliyodumu kwa miaka 23. Lakini katika mbio za mita 10,000, Naftali Temu aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki kwa kutumia dakika 29 na sekunde 27, ilhali rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa chini ya dakika 28. Hapana aliyesema kwamba Temu alikuwa mzembe. Mwanariadha aliyeishikilia rekodi hiyo, Ron Clarke wa Australia, alianguka na kuzirai mara tu alipoumaliza mstari.

Fiziolojia ya mazoezi hueleza tofauti hiyo. Kazi ya sekunde chache huendeshwa na nishati iliyokwisha kuwekwa akiba ndani ya msuli, na haingojei oksijeni. Kwa mrukaji, hewa nyepesi ni faida, kwa maana haimzuii sana anapokimbia. Lakini kazi ya nusu saa hutegemea oksijeni inayovutwa kila pumzi, na palipo juu ya milima kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Aliyezaliwa na kulelewa katika nyanda za juu mwili wake umekwisha kuizoea hali hiyo. Aliyetoka pwani hulipa gharama yake njiani.

Katika michezo hiyo hiyo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Dick Fosbury, alishangaza watu kwa kuruka juu huku akiupa mwambaa mgongo, na akatwaa dhahabu kwa mita 2.24. Biomekanika hueleza siri yake: mwili unapopindwa kama upinde, kichwa, kiuno na miguu hupita juu ya mwambaa kwa zamu, na kitovu cha uzito wa mwili kinaweza hata kupita chini yake. Kwa hiyo mrukaji huvuka kimo kikubwa bila ya kuhitaji nguvu za ziada. Leo warukaji wote wakubwa hutumia mtindo huo.

Somo la kujifunza stadi nalo lina mafunzo yanayowashangaza wengi. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan walionyesha kwamba watu wanaorudia stadi moja mfululizo kabla ya kwenda kwenye nyingine huonekana hodari zaidi wakati wa mazoezi, lakini wale wanaozichanganya stadi huzikumbuka vizuri zaidi baadaye. Mwalimu anayelijua hilo hatadanganyika na ustadi wa siku moja uwanjani. Wala faida yake si ya uwanjani pekee, kwani hata mwalimu wa hisabati anaweza kunufaika nalo.

Milango inayofunguka

Kwanza, somo hili huongeza thamani ya fani nyingine. Kwa binti wetu wa biolojia, kozi za fiziolojia na biomekanika humwandaa vyema kwa masomo ya afya. Kwa anayesoma uandishi wa habari, humpa ujuzi wa kuzungumzia michezo kwa undani. Kwa anayesoma biashara, humkaribisha katika uendeshaji wa vituo vya mazoezi na vilabu. Na kwa anayejiandaa kuwa mwalimu wa Kiingereza au sayansi, humwezesha kuombwa na shule kuifundisha timu, kazi ambayo katika shule nyingi za Marekani hulipwa posho yake.

Pili, dunia inawahitaji watu wenye ujuzi huu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wajishughulishe kimwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na watu wazima kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kwa kiwango cha kadiri. Kwa mujibu wa shirika hilo, vijana zaidi ya wanne katika kila watano wa umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango chao. Kisukari na shinikizo la damu, yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa maradhi ya matajiri, leo yamebisha hodi katika nyumba za Waswahili kila waliko, kuanzia Zanzibar hadi Maskati na London.

Tatu, njia hii si ngeni kwa watu wetu. Mike Boit wa Kenya, aliyepata medali ya shaba katika mbio za mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alisoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico, kisha akaendelea na masomo ya juu, na hatimaye akawa profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na baadaye akaanzisha shule nchini mwake. Miguu iliwafikisha chuoni, lakini elimu ndiyo iliyowapa kazi baada ya miguu kuchoka.

Milango isiyofunguka

Sasa, msikilizaji, tuje kwenye upande wa pili, ambao ndio wenye majuto mengi.

Jambo la kwanza: somo dogo peke yake halimpi mtu leseni ya kufundisha elimu ya viungo katika shule za umma za Marekani. Leseni hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake, na kwa kawaida mwombaji hutakiwa awe amepitia mafunzo ya ualimu yaliyoidhinishwa na jimbo, amefundisha kwa majaribio chini ya uangalizi, amefaulu mitihani na amechunguzwa kumbukumbu zake za polisi. Hata hivyo, katika baadhi ya majimbo, mwalimu aliyekwisha kuwa na leseni ya somo jingine huruhusiwa kuongezewa elimu ya viungo akitimiza krediti au mtihani uliowekwa. Kwake huyo, somo dogo ni nusu ya safari. Kwa asiye na leseni yoyote, bado hajaanza safari.

Jambo la pili: somo hili si tiba ya viungo. Wazazi wengi huyachanganya mambo haya mawili kwa sababu majina yanakaribiana. Nchini Marekani, mtaalamu wa tiba ya viungo siku hizi hulazimika kusoma shahada ya udaktari ya fani hiyo, ambayo kwa kawaida huchukua kiasi cha miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Hata wahudumu wanaowatibu wanamichezo uwanjani, wenye leseni ya kazi hiyo, sasa huandaliwa kwa shahada ya uzamili. Binti wetu wa Mombasa akimwambia mama yake kwamba somo dogo litamfanya mganga wa viungo, atakuwa amemwahidi jambo ambalo hawezi kulitimiza. Akimwambia kwamba litamsaidia kuandaa maombi ya kuingia katika masomo hayo, atakuwa amesema kweli, mradi pia atimize masomo ya fizikia, kemia na mengineyo yanayotakiwa.

Jambo la tatu linawahusu wenye viza ya mwanafunzi. Kanuni za uhamiaji za Marekani humruhusu mhitimu kuomba kufanya kazi kwa muda kwa ajili ya kupata uzoefu, lakini kazi hiyo lazima ihusiane moja kwa moja na somo kuu. Somo dogo halihesabiwi. Mwenye shahada ya uhasibu na somo dogo la elimu ya viungo hawezi kutumia ruhusa hiyo kwenda kufundisha riadha. Vilevile, wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye viza hiyo kwa kawaida hutakiwa kuchukua krediti zisizopungua 12 kila muhula. Kwa hiyo kuacha kozi katikati ya muhula kwa sababu imekuwa ngumu ni hatua isiyochukuliwa kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Kwa anayekusudia kurudi nyumbani

Nchini Kenya, mwezi Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia katika Gredi ya 10. Mtaala huo una njia tatu katika sekondari ya juu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ile ya sayansi ya jamii, na ile ya sanaa na sayansi ya michezo. Kwa mara ya kwanza, basi, michezo imepewa njia yake rasmi hadi mwisho wa sekondari, na njia hiyo haiwezi kupitika bila ya walimu wenye ujuzi. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Hata hivyo, nafasi kuwapo si sawa na kuipata. Walimu wa sekondari katika nchi zetu kwa kawaida huandaliwa kufundisha masomo mawili, na wanaowasajili huangalia idadi na uzito wa kozi walizosoma katika kila somo, pamoja na mafunzo yao ya ualimu. Somo dogo la kozi tano huenda likaonekana pungufu mahali ambapo la kozi nane lingepita. Na yeyote mwenye shahada ya nje hutakiwa kwanza aipeleke ikatambuliwe, ambapo kwa Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Vyuo Vikuu.

Wahenga walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Mwanafunzi na ahifadhi maelezo rasmi ya kila kozi aliyoisoma: jina, krediti, mada na saa za mazoezi kwa vitendo. Hati ya matokeo huonyesha majina na alama tu, na afisa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hawezi kujua kwa kusoma jina la kozi kwamba ndani yake mlikuwa na anatomia ya nusu mwaka.

Stara, jinsia na mwili usio wa mwanamichezo

Liko swali ambalo wasichana wengi wa Kiislamu huliuliza kwa sauti ya chini: je, nitalazimishwa kuogelea mbele ya wanaume? Jibu hutegemea chuo. Katika masomo madogo mengi, kozi za nadharia ndizo nyingi na za vitendo ni chache, tena huwa na hiari ya kuchagua. Vazi la kuogelea linalositiri mwili mzima hukubaliwa katika mabwawa mengi, na baadhi ya vyuo hutenga saa za wanawake pekee. Lililo muhimu ni kuuliza kabla ya kujiandikisha, wala si siku ya kwanza kando ya bwawa.

Wanawake wana haki pia mbele ya sheria. Tangu mwaka 1972, sheria ya Marekani inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mafunzo yanayopata fedha za serikali kuu, na athari yake kubwa imeonekana katika michezo ya shule na vyuo.

Na wale wanaodhani kwamba somo hili ni la wenye mbio na misuli pekee, nao wanakosea. Somo dogo kwa kawaida halina mtihani wa mbio wa kuingilia. Katika kozi za vitendo, mara nyingi kinachopimwa zaidi ni uelewa na maendeleo ya mwanafunzi mwenyewe. Anayetaka kumfundisha mtoto mnene asiyependa kukimbia hahitaji kuwa bingwa. Pengine aliyewahi kuwa mtoto wa aina hiyo ndiye atakayemfahamu vizuri zaidi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Kabla ya kulichagua somo hili, mwanafunzi na amwendee mshauri wake wa masomo akiwa na maswali haya yameandikwa.

Je, krediti za somo dogo zitaingia ndani ya zile 120, au zitaniongezea muhula? Vyuo vingi hutoza ada moja kwa yeyote mwenye krediti 12 hadi 18 kwa muhula, kwa hiyo kozi ya ziada ndani ya kiwango hicho huenda isimgharimu kitu. Lakini muhula mzima wa ziada ni ada, chakula, malazi na bima, na kwa mwanafunzi wa kigeni gharama hizo ni nzito.

Je, kozi moja inaweza kuhesabiwa katika somo kuu na somo dogo pia? Kwa binti wetu wa biolojia, kozi ya anatomia ikihesabiwa kote kuwili, mzigo wake utapungua. Vyuo vingine huruhusu, vingine huweka kikomo.

Je, katika kozi hizo ni ngapi za sayansi na ni ngapi za mazoezi tu? Somo dogo lililojaa madarasa ya krediti moja moja halitakuwa na uzito sawa na lenye fiziolojia, biomekanika na mbinu za kufundisha.

Na la mwisho: kazi ninayoitaka, katika nchi ninayoitaka, inadai leseni gani? Jibu la swali hili lisitafutwe kwa marafiki wala kwa wakala, bali katika ofisi inayoitoa leseni yenyewe.

Wahenga walisema pia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo ni onyo la kweli kwa anayeshika mambo mawili yasiyojuana. Lakini biolojia na fiziolojia ya mazoezi, ualimu na ufundishaji wa timu, uandishi na michezo, si vitu viwili vinavyovutana. Ni kama mkono wa kulia na wa kushoto ukibeba mzigo mmoja.

Basi mzazi akiuliza tena, "Tumekupeleka kusoma au kucheza?", mwanafunzi aliyejiandaa hatakuwa na haja ya kubishana. Ataweza kumweleza mama yake, kwa heshima na kwa hesabu, kwamba shahada ni ile ile, miaka ni ile ile minne, kazi anayoikusudia ni hii, na somo hili dogo limewekwa hapa kwa sababu hii. Na ikiwa hawezi kulieleza hivyo, basi mama ana haki ya kuwa na shaka, na yeye mwenyewe ana sababu ya kurudi kwa mshauri wake kabla ya muhula mwingine kuanza.

Hadi hapo, msikilizaji, ndipo tunapofikia tamati ya makala haya.